Kutapika damu kanda ya ziwa: si kila mara ni vidonda vya tumbo

Mtu akitapika damu ya kujaza beseni, jina la kwanza linalotajwa nyumbani ni vidonda vya tumbo. Anapewa maziwa, anapewa omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, na mara nyingine damu hukata yenyewe. Wiki chache baadaye inarudi, na safari hii haikati. Kwenye vijiji na visiwa vya Ziwa Victoria, kuanzia Ukerewe na Sengerema hadi Rusinga upande wa Kenya, damu nyingi ya namna hii haitoki kwenye kidonda. Hutoka kwenye mishipa iliyovimba ndani ya umio, ile njia ipelekayo chakula tumboni, na chanzo chake ni kichocho cha tumbo kilichoingia mwilini miaka mingi nyuma, pengine mgonjwa akiwa bado anacheza majini baada ya shule.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu mgonjwa wa kichocho ana bahati ambayo wengi hawaijui. Ini lake bado linafanya kazi. Akivushwa salama kwenye damu ya kwanza na mishipa ikafungwa ikaisha, anaweza kuishi miaka mingi akivua, akilima na kulea. Anayekufa mara nyingi hufa kwa kuishiwa damu, na damu ni kitu kinachoweza kuzuiwa.

Damu inakwama wapi

Damu inayotoka kwenye utumbo na bandama hairudi moyoni moja kwa moja. Hukusanywa na mshipa mkuu mmoja, ambao madaktari huuita vena porta, ukaingia nayo kwenye ini ili ichujwe kwanza. Karibu robo tatu ya damu yote inayopita kwenye ini huingilia mlango huo.

Minyoo ya kichocho cha tumbo, Schistosoma mansoni, huishi wawili wawili kwenye vena ndogo za utumbo, jike likiwa limekumbatiwa ndani ya mwili wa dume. Jike moja linaweza kutaga hadi mayai 300 kwa siku. Mengine hutoboa utumbo yakatoka na choo. Yanayobaki husombwa na damu hadi kwenye ini, na kwa kuwa ni makubwa kuliko vijishipa vya huko, hukwama. Mwili huyazungushia ukuta wa kovu, yai moja moja, mwaka baada ya mwaka. Mwishowe matawi ya vena porta yanavikwa koti gumu la kovu. Mwaka 1904 daktari aitwaye Symmers, akifanya kazi Misri, alilikata ini la namna hii akaona makovu yamesimama kama vijiti vya kiko cha udongo. Mfano huo unatumika hadi leo.

Tazama kovu lilipo: limeizunguka mishipa, halikuziua chembe za ini zenyewe. Ndiyo maana macho ya mgonjwa huyu hayawi ya njano, na vipimo vya damu vya ini vinaweza kurudi vizuri kabisa huku bandama imefika kitovuni. Mtu aliyeambiwa "ini lako ni zima" akaenda nyumbani ametulia anaweza kuwa na mishipa ya umio yenye unene wa kidole kidogo. Ini lililoharibiwa na homa ya ini B au C, au na pombe, ni tofauti. Hilo limekuwa kovu lote, hali iitwayo sirosisi. Mishipa huvimba vilevile, lakini damu ikimwagika ini nalo linaweza kushindwa, na hatari ni kubwa zaidi. Wapo pia wenye yote mawili, kichocho na homa ya ini B, kwa hiyo kila mwenye bandama kubwa apimwe homa ya ini hata kama ametoka kisiwani kwenye kichocho kingi.

Damu iliyozuiwa mlangoni hutafuta vichochoro. Hupenya kuzunguka tumbo, kitovu, njia ya haja kubwa, na sehemu ya chini ya umio. Kichochoro cha umio ndicho cha hatari, kwa sababu sentimita chache za mwisho kabla ya tumbo vena zake hukaa juu juu, chini tu ya utando laini. Kadiri mshipa unavyopanuka ndivyo ukuta wake unavyokuwa mwembamba, na ukuta mwembamba wenye kipenyo kikubwa hubeba mkazo mkubwa, kama puto linalokaribia kupasuka. Kwa wenye sirosisi, tofauti ya presha kati ya pande mbili za ini ikizidi milimita 10 za zebaki mishipa huanza kujitokeza, na ikifika 12 inaweza kupasuka. Ya kawaida haizidi 5. Kwa mwenye kichocho kipimo hicho hudanganya, kwa sababu kizuizi kiko kabla ya pale kinapopimwa.

Kuigundua kabla haijapasuka

Mishipa hii haiumi. Haizuii chakula, haisababishi kiungulia. Dalili zilizopo ni za pembeni: uzito chini ya mbavu za kushoto, kushiba upesi kwa sababu bandama inalibana tumbo, uchovu wa kupungukiwa damu. Kwa watoto ni kudumaa na tumbo kubwa, na hapo ndipo muda hupotea kwa waganga, familia ikiamini mtoto ametupiwa kitu. Dalili nyingine ni choo cheusi kinachonata kama lami na chenye harufu kali. Vidonge vya madini ya chuma navyo hukifanya choo kiwe cheusi, ila hakinati wala hakinuki namna hiyo.

Kwa aliyekulia ziwani mwenye bandama inayoshikika, vipimo vitatu vinatosha kuanzia. Cha kwanza ni picha kamili ya damu: chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikiwa chini ya 150,000 zinaashiria kuwa bandama inazimeza. Cha pili ni ultrasaundi: vena porta yenye upana wa zaidi ya milimita 13, bandama ndefu kuliko sentimita 13, na makovu meupe yanayofuata matawi ya mishipa ndani ya ini. Mwombe mpimaji aandike vipimo kwa namba, maana neno "imeongezeka" peke yake halimsaidii daktari wa mwakani. Cha tatu, kinachoamua, ni endoskopi, mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Kufunga kula saa 6 hadi 8, koo kupuliziwa dawa ya ganzi, na zoezi lenyewe ni dakika chache. Halipendezi lakini halichani. Kwa Tanzania kipimo hiki kinapatikana kwenye hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza, na Muhimbili, Dar es Salaam.

Ripoti ya endoskopi iseme mambo mawili: ukubwa, yaani mishipa midogo chini ya milimita 5 au mikubwa zaidi ya hapo, na kama kuna alama nyekundu juu yake. Alama nyekundu ni sehemu ambazo ukuta umebaki kama karatasi. Mishipa mikubwa yenye alama nyekundu haingoji mwezi ujao.

Choo kupimwa mayai ya kichocho ni jambo jema, ila majibu yakirudi hayana kitu yasimtulize mtu. Kovu la zamani hubaki hata minyoo yote ikiwa imekufa.

Kidonge cha kila siku

Kwa aliyekutwa na mishipa mikubwa ambaye hajatokwa na damu, kuna njia mbili: dawa, au mishipa kukabwa kwa vimpira vidogo kupitia kamera, ambako tutafika mbele. Dawa ni propranololi, ile ile inayotumika kwa moyo na presha. Hupunguza damu inayoingia kwenye utumbo, hivyo shinikizo kwenye vena porta linashuka. Utafiti uliofanyika Sudan na kuchapishwa mwaka 1994 ulionyesha kuwa inapunguza vifo kwa wagonjwa wa kichocho hasa, si kwa wenye sirosisi tu. Kwa kidonge cha bei nafuu kinachopatikana hadi wilayani, hilo ni jambo kubwa, na tunasikitika kuona ni wagonjwa wangapi wanaondoka hospitali bila kuandikiwa.

Kosa la kawaida ni kuandikiwa dozi moja ikaachwa hapo hapo milele. Huanzwa na miligramu 20 hadi 40 mara mbili kwa siku, kisha hupandishwa kila baada ya siku mbili tatu mpaka mapigo ya moyo yafike 55 hadi 60 kwa dakika mtu akiwa ametulia, bila namba ya juu ya presha kushuka chini ya 90. Kiwango cha juu ni miligramu 320 kwa siku, au 160 kwa mwenye maji tumboni. Mgonjwa mwenyewe anaweza kufundishwa kuhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa saa ya simu. Karvediloli ni mbadala mzuri: miligramu 6.25 kwa siku, kisha 12.5.

Mwenye pumu asipewe kabisa dawa hizi, na mwenye mapigo yaliyo chini tayari vivyo hivyo. Dawa isikatishwe ghafla eti kwa sababu mtu anajisikia mzima, maana shinikizo hurudi juu ndani ya siku chache. Akiharisha sana au kutapika na presha ikaanguka, aipunguze kwa ushauri wa daktari, asijiamulie.

Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni mtu huyu azisahau. Maumivu ya mgongo baada ya kuvuta nyavu yatibiwe kwa parasetamoli, isiyozidi gramu 2 kwa siku kama ini limeharibika. Sindano ya diklofenaki ya duka la dawa imetanguliza damu nyingi sana.

Siku damu inapotoka

Nyumbani kazi ni moja: kumfikisha hospitali yenye damu ya kuongezewa. Alazwe ubavu ili asivute damu kwenye mapafu, asipewe maziwa, dawa za mizizi wala maji ya kunywa, na ndugu wawili watatu walio tayari kutoa damu wapande gari hilo hilo. Kama mko kisiwani, msingoje kivuko cha asubuhi kwa kuwa damu "imekata". Damu ya mishipa hii hukata pale presha inapoanguka, na hurejea presha inaporudi.

Hospitalini ziwekwe njia mbili za sindano nene, chukueni sampuli ya kupanga damu kabla ya dripu, na kama mgonjwa amechanganyikiwa au anatapika mfululizo, njia yake ya hewa ilindwe kabla hajaingizwa kamera. Kisha linakuja kosa ambalo linafanywa kwa nia njema kabisa: kumjaza. Lita baada ya lita za dripu, chupa baada ya chupa za damu, mpaka wingi wa damu ufike gramu 10 kwa desilita. Kila kinachoingia kinapandisha shinikizo kwenye mshipa ule ule uliopasuka. Lengo ni kumwongezea damu wingi unaposhuka chini ya 7, na kumfikisha 7 hadi 8 basi. Utafiti wa Barcelona uliochapishwa mwaka 2013, wenye wagonjwa 921 wa damu ya tumbo, uliona kuwa waliowekewa damu kwa kubana walipona zaidi: wiki sita baadaye asilimia 95 walikuwa hai, dhidi ya 91 kwa waliowekewa kwa wingi. Anayemwaga damu kwa kasi huku presha haishikiki ni habari nyingine. Huyo awekewe kadiri anavyopoteza.

Asidi ya traneksamiki, dawa inayookoa mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua, hapa haisaidii. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, wenye wagonjwa zaidi ya 12,000 katika nchi 15, haukuona vifo vikipungua kwa damu ya tumbo, bali uliona damu kuganda ndani ya vena ikiongezeka. Tunaelewa kwa nini mkono wa muuguzi unaikimbilia, lakini iachwe kabatini.

Zinazosaidia ni hizi. Oktreotaidi, dawa ya kushusha shinikizo kwenye vena porta, mikrogramu 50 kwa mkupuo, kisha 50 kila saa kwa siku 2 hadi 5, ianze hata kabla ya kamera iwapo mishipa inashukiwa. Mahali pengine kuna terlipresini, yenye kazi hiyo hiyo, miligramu 2 kila baada ya saa 4 mwanzoni. Seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, gramu 1 kwa siku, isiyozidi siku 7, kwa sababu maambukizi wakati wa damu huchochea damu zaidi, hasa kwa mwenye sirosisi. Eritromaisini miligramu 250 kwenye mshipa, nusu saa hadi saa mbili kabla ya kamera, ili tumbo limwage mabonge na daktari aone. Kamera yenyewe iwe ndani ya saa 12, mgonjwa akishatulizwa. Propranololi isitolewe siku hiyo. Hurudi damu ikishakata na presha ikishasimama.

Pasipo na kamera na damu haikati, kuna mpira wenye puto uliobuniwa na Sengstaken na Blakemore mwaka 1950. Hupitishwa hadi tumboni, puto la tumbo likajazwa hewa mililita 250 hadi 300, kisha ukavutwa taratibu likabana mlango wa umio. Kabla ya kulijaza lote, piga eksirei uone liko tumboni. Likijazwa likiwa ndani ya umio, linaupasua. Lisikae zaidi ya saa 24, na mgonjwa awe kwenye gari kuelekea penye endoskopi, kwa maana likitolewa damu hurudi kwa karibu nusu ya wagonjwa.

Kufunga kwa mipira

Njia hii ilianzishwa na Stiegmann huko Denver, Marekani, katika miaka ya 1980, na ndiyo inayoongoza. Kwenye ncha ya kamera huvishwa kikopo kidogo chenye vimpira sita au saba. Daktari huunyonya mshipa uingie kwenye kikopo, anaachia kimpira, kinaukaba shingoni. Huanza pale umio unapokutana na tumbo akapanda juu kwa kuzunguka, kwenye sentimita tano hivi za chini. Akianzia juu, mishipa iliyokwisha kukabwa inamziba asione ya chini, na ya chini ndiyo hupasuka.

Mshipa uliokabwa hufa, ukaanguka pamoja na kimpira ndani ya wiki moja hivi, ukaacha kidonda. Hapo ndipo penye hatari ambayo mgonjwa lazima aambiwe kabla hajaondoka: kati ya siku ya 5 na ya 14 kidonda hicho kinaweza kutoa damu. Siku ya kwanza ni vimiminika vilivyopoa tu. Siku chache zinazofuata ni uji, mtori, ndizi zilizopondwa, wali mlaini. Samaki wenye miiba, mahindi ya kuchoma, mihogo ya kukaanga na kashata vingoje wiki mbili. Maumivu kifuani kwa siku mbili tatu ni ya kawaida. Omeprazoli hapa ina kazi kweli, kwa wiki chache, ili kidonda kifunge.

Mara moja haitoshi. Mipira hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka mishipa iishe, na kwa wengi ni safari 2 hadi 4. Kisha kamera baada ya miezi 3 hadi 6, halafu kila miezi 6 hadi 12, kwa sababu kovu lipo palepale na mishipa huota tena. Aliyekwisha kutokwa na damu anahitaji mipira na propranololi pamoja. Asipotibiwa, zaidi ya nusu ya wagonjwa hutokwa na damu tena ndani ya mwaka mmoja au miwili. Wengi hupotea baada ya safari ya kwanza: nauli imeisha, mwili una nguvu, msimu wa dagaa umeanza. Daktari anayepanga tarehe asiye na habari na mwezi wa giza, wakati wavuvi wanapopata, anapanga tarehe ambayo haitatimizwa.

Sindano ya kugandisha mshipa, iliyotangulia mipira, bado hutumika pasipo na vimpira. Inafanya kazi, lakini huacha vidonda virefu na baadaye umio unaweza kusinyaa hadi chakula kikwame. Mishipa iliyo ndani ya tumbo lenyewe haifungiki vizuri kwa mipira. Hiyo hudungwa gundi maalumu inayoganda ikikutana na damu.

Upasuaji wa kutoa bandama na kukata mishipa inayolisha umio hubaki kwa yule ambaye dawa na mipira vimeshindwa. Kutoa bandama peke yake kwa kuwa ni kubwa si tiba ya mishipa hii, na huleta mengine: damu kuganda kwenye vena porta, na wepesi wa kushambuliwa na vijidudu maisha yote. Chanjo dhidi ya numokoka na meningokoka, bakteria wa nimonia na homa ya uti wa mgongo, zitolewe angalau wiki mbili kabla ya kisu.

Prazikwanteli, na wajawazito

Kila mgonjwa wa kichocho apewe prazikwanteli, dawa ya kuua minyoo ya kichocho, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye kilo 60 anahitaji miligramu 2,400, yaani vidonge vinne vya 600, ameze akiwa amekula. Haiui minyoo michanga, kwa hiyo aliye majini kila siku arudie baada ya wiki 4 hadi 6. Inaua minyoo, inazuia makovu mapya, kwa watoto hata hulegeza ya zamani, lakini mishipa iliyokwisha kuvimba kwa mtu mzima haitaondoka kwa kidonge hicho. Mtu amezapo dawa ya kampeni akaambiwa amepona kichocho, bandama yake bado ipimwe.

Mama mjamzito mwenye bandama kubwa anahitaji jicho la pekee. Damu mwilini huongezeka kuanzia miezi ya kati, shinikizo linapanda, na kusukuma wakati wa kujifungua huzidisha. Afanyiwe endoskopi kati ya mwezi wa nne na wa sita, mishipa mikubwa ifungwe mapema, na ajifungulie hospitali yenye damu na kamera, si zahanati ya kijijini. Prazikwanteli anaweza kumeza baada ya miezi mitatu ya kwanza. Kwenye kadi yake ya kliniki, ukurasa wa mbele kabisa, iandikwe kwa kalamu nyekundu: ana mishipa ya umio iliyovimba, asipewe diklofenaki.